Shajara ya Mradi: Mfupa Unaovimba kwa Mtoto Mwenye Selimundu, Kisumu

Januari, wiki ya pili

Shajara hii itatunza mwenendo wa mradi wetu mdogo wa Kisumu kuhusu maambukizi ya mifupa kwa watoto wenye selimundu, ugonjwa ambao wazazi wengi wa huku wanaujua kwa jina la siko seli. Inaandikwa hasa kwa ajili ya wenzetu wa Siaya, Homa Bay na Kakamega ambao wameomba kufuata hatua zetu kabla ya kuanza za kwao.

Swali tunalolifuata halina ugeni wowote kwa tabibu aliyewahi kushika zamu ya usiku katika wodi ya watoto ukanda huu wa ziwa. Mtoto analetwa akiwa na homa, paja limevimba na lina joto, na mguu hataki uguswe. Je, mfupa huo umekosa damu kwa sababu chembe zenye umbo la mundu zimeziba mishipa yake midogo, au umeingiwa na bakteria? Hali ya kwanza hutokea mara nyingi zaidi kuliko ya pili, nayo hutibiwa kwa maji, dawa za maumivu na uangalizi wa karibu. Ya pili inadai viuavijasumu kwa wiki kadhaa, na pengine upasuaji wa kuondoa usaha. Anayeikosea ya pili humwachia mtoto mfupa unaooza ndani, na anayeikosea ya kwanza humlaza mtoto wodini kwa wiki nzima nzima akichomwa sindano asizozihitaji, huku mama yake akiwa ameacha kibanda chake sokoni Kibuye bila mtu.

Lengo la mradi ni moja: kuhakikisha kwamba kila mtoto wa aina hii anachukuliwa sampuli ya damu, na ya usaha pale inapowezekana, kabla ya dozi ya kwanza ya kiuavijasumu, na kuona kama jambo hilo peke yake linaweza kubadilisha namna tunavyoamua. Kila kitu kingine katika mradi kinalitumikia lengo hilo.

Januari, mwishoni

Kamati ya maadili imetutaka tueleze kwa nini utafiti ufanyike hapa na si kwingine. Jibu lenyewe lina historia. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alishiriki mwaka 1949 katika msafara wa kisayansi uliotoka Oxford kuja nchini, akakusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali. Aligundua kwamba jeni ya selimundu ilikuwa nyingi miongoni mwa watu wanaoishi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ambako malaria ilikuwa imetamalaki, lakini ilikuwa adimu sana nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake kwamba mtu aliyerithi nakala moja ya jeni hiyo hupata kinga dhidi ya malaria. Aliyerithi nakala mbili ndiye mgonjwa: katika mnyororo wa beta wa himoglobini yake, nafasi ya 6, asidi ya glutamiki imeachia nafasi yake kwa valini, na badiliko hilo dogo linatosha kuzifanya chembe nyekundu zijikunje zinapopungukiwa na oksijeni.

Nimeongeza aya moja ambayo naona husahaulika mara nyingi. Hadithi ya Allison husimuliwa kana kwamba malaria ni habari ya mababu, ilhali huku kwetu ipo hadi leo. Ndiyo sababu kaunti za magharibi zilichaguliwa kwa majaribio ya kutoa chanjo ya malaria, yaliyozinduliwa Homa Bay Septemba 2019. Mtoto mwenye nakala mbili za jeni hana ngao ile aliyonayo mzazi wake mwenye nakala moja. Akipata malaria hupungukiwa na damu kwa kasi ya kutisha, na malaria hiyo hiyo, kama nitakavyoeleza mbele, huvuruga vipimo tunavyovitegemea.

Februari, wiki ya kwanza

Wiki hii tumefanya semina ya ndani kwa matabibu na wauguzi. Nilikusudia izungumzie utaratibu wa kuchukua damu, lakini maswali yalitupeleka kwenye kinga ya mwili na hatukutoka huko hadi saa ya chakula. Ninaona kwamba ilikuwa heri, kwa sababu muuguzi anayejua ni kwa nini mtoto huyu ni tofauti hahitaji kukumbushwa.

Tulianza na bandama. Kiungo hiki huchuja damu taratibu, na makrofaji zake, yaani chembe za kinga zinazomeza vijidudu, huzinasa bakteria zinazopita, hasa zile zilizojifunika kwa gamba la sukari, kama pneumokoka, ambazo chembe nyeupe hazizishiki kwa urahisi mpaka zipakwe kingamwili kwanza. Bandama ya mtoto mwenye selimundu huziba na kuzibuka tangu miezi ya mwanzo ya maisha, na wengi wao wanapofikia umri wa miaka 5 huwa hawana tena bandama inayofanya kazi, hata kama ingali inaonekana kwenye ultrasaundi. Kwenye darubini huonekana chembe nyekundu zilizobakiwa na vipande vya kiini, vinavyoitwa miili ya Howell-Jolly, ambavyo bandama nzima ingevinyofoa. Ndiyo sababu ya penisilini ya kila siku: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986 ulionyesha kwamba penisilini ya kumeza ilipunguza maambukizi ya pneumokoka kwa watoto hawa kwa asilimia 84.

Lakini mifupani mhusika mkuu si pneumokoka. Kwa watoto wasio na selimundu, bakteria anayeongoza kwa kushambulia mfupa ni stafilokoka. Kwa watoto wenye selimundu, taarifa nyingi humtaja Salmonela kwanza, na hapa nazungumzia aina zisizoleta homa ya matumbo. Kwa nini yeye? Majibu ni kadhaa na yanasaidiana. Mishipa midogo ya utumbo nayo huziba, ukuta wake ukadhoofika, na bakteria wakapata upenyo wa kuingia katika damu. Bandama haipo kuwapokea. Uboho uliokosa damu na kufa huwa mahali ambapo chembe nyeupe na dawa hazifiki vizuri. Halafu lipo jibu la nne, ambalo ndilo lililotushika zaidi semina nzima.

Chembe nyekundu zinapopasuka kwa wingi, iwe kwa selimundu au kwa malaria, humwaga hemu, ile sehemu ya himoglobini yenye chuma. Hemu iliyo huru ni sumu, na mwili hujikinga kwa kuongeza kimeng'enya cha kuivunja kiitwacho hemu oksijenasi. Utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha gharama ya kinga hiyo: nutrofili (chembe nyeupe zinazomeza bakteria) zinazozaliwa katika mazingira hayo huwa na uwezo hafifu wa kutengeneza ile mimiminiko ya oksijeni kali ambayo kwayo huua bakteria waliomezwa. Nutrofili inammeza Salmonela kama kawaida, lakini haimuui. Salmonela, ambaye ni hodari wa kuishi ndani ya chembe, anapata gari la kumsafirisha. Panya si mtoto wa Ahero, na nililisisitiza hilo. Hata hivyo mantiki yake inaingiana na yale yanayoonekana wodini, ambako malaria na Salmonela wa damuni hufuatana mno kiasi cha kutuzuia kuudhania uhusiano wao kuwa wa bahati.

Februari, wiki ya nne

Tumepitia vipimo kimoja kimoja na kuamua ni kipi kiingie katika mwongozo wa mradi. Kazi hii imechukua muda kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa kila kipimo kina mtetezi wake.

Cha kwanza kuondolewa ni ESR, kinachopima kasi ya damu kutuama katika mrija. Kipimo hiki hutegemea chembe nyekundu kupangana juu ya nyingine kama sarafu, ili zizame haraka; chembe zenye umbo la mundu haziwezi kupangana hivyo, na kwa hiyo jibu linaweza kuwa la chini hata usaha ukiwa umejaa mfupani. Kumtuliza mzazi kwa ESR ya mtoto mwenye selimundu ni kumdanganya bila kukusudia.

CRP ilizua mjadala. Protini hii hutengenezwa na ini linapopata ujumbe wa intaleukini 6, mojawapo ya kemikali ambazo kwazo chembe za kinga huwasiliana, na hupanda kwa saa chache tu. Tatizo ni kwamba ini halijui ujumbe umetoka wapi. Uboho uliokufa kwa kukosa damu hutuma ujumbe huo huo unaotumwa na bakteria, na vimelea vya malaria hali kadhalika. Katika eneo ambalo mtoto anaweza kuwa na vimelea vya malaria damuni akiwa anacheza mpira, CRP iliyopanda haituambii chochote kuhusu paja lake. Tumeibakiza kwa kazi moja pekee: kufuatilia iwapo matibabu yaliyokwisha kuanza yanafanya kazi. Ikishuka siku hadi siku, tunapata moyo. Ikigoma kushuka, tunamwita daktari wa mifupa aangalie upya.

Eksirei ya siku ya kwanza haionyeshi kitu, maana mabadiliko katika mfupa huchukua siku 10 hadi 14 kujitokeza. Itapigwa ili iwe ya kulinganishia baadaye. MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, huonyesha uboho ulioathirika mapema sana, lakini nayo hutatizika kutofautisha uboho uliokufa na ule ulioambukizwa, na gharama yake ni mlima kwa familia nyingi. Sikuona sababu ya kuiandika katika mwongozo kama hitaji wakati tunajua nani atashindwa kuilipia.

Iliyoshinda ni ultrasaundi. Ipo, ni nafuu, haina mionzi, na hujibu swali dogo lenye manufaa: je, kuna majimaji kati ya mfupa na utando wake? Mfupa uliokosa damu unaweza nao kuwa na majimaji kidogo, lakini watafiti waliolichunguza jambo hili walipendekeza kwamba kina cha milimita 4 au zaidi, kwa mtoto mwenye dalili, kiwe sababu ya kuingiza sindano na kuvuta. Sisi tumekichukua kipimo hicho kama kizingiti cha kumwita daktari wa mifupa. Hatukukifanya hukumu.

Machi

Mwezi huu umekuwa wa saa ya kwanza, yaani muda kati ya mtoto kupita mlango wa mapokezi na kupata dozi ya kwanza.

Hapa kuna mvutano wa kweli ambao hauondolewi kwa maneno. Mtoto asiye na bandama akiingiwa na bakteria damuni anaweza kufa katika muda wa saa chache. Hakuna utafiti unaostahili kumcheleweshea dawa. Wakati huo huo, dozi moja ya seftriaksoni inatosha kuwafanya bakteria wasiote maabarani, na tangu hapo tutakuwa tunatibu kwa kubahatisha kwa wiki kadhaa. Tulichokubaliana ni kwamba damu ya kuotesha itolewe kupitia mrija ule ule unaowekwa kwa ajili ya dawa, wakati ule ule unapowekwa, kabla haujaunganishwa na chochote. Mrija ukikataa, dawa inachomwa bila kusubiri na sampuli inasahauliwa. Sentensi hiyo ya mwisho imeandikwa kwa herufi nzito katika mwongozo, na mjumbe mmoja wa kamati alituambia kwamba ndiyo iliyomfanya atie saini.

Dawa zenyewe ni seftriaksoni, kwa ajili ya Salmonela, pamoja na kloksasilini kwa ajili ya stafilokoka, hadi maabara iseme vinginevyo. Maabara ina neno la kusema, kwa sababu aina ya Salmonela iitwayo ST313, iliyoenea kusini mwa Sahara, imekuwa sugu kwa kloramfenikoli, ampisilini na kotrimoksazoli, dawa ambazo zamani ndizo zilizokuwa tegemeo, na Kenya zimeripotiwa aina zinazoishinda hata seftriaksoni. Bila kuotesha, usugu huo hauonekani hadi mtoto azidiwe.

Mafunzo ya wasafirishaji yamekamilika. Chupa za kuoteshea damu na mirija ya majimaji ya damu husafiri pamoja, lakini hazitunzwi pamoja. Mirija inawekwa kwenye kisanduku cha barafu. Chupa za kuoteshea hazipaswi kuguswa na baridi, kwa sababu bakteria wengine hufa au huchelewa kuota wakipoozwa. Zinakaa kwenye mfuko mkavu, kwa joto la kawaida, hadi ziingie kwenye mashine. Dereva wetu wa bodaboda, ambaye amebeba sampuli za miradi mingi, alishangaa, kwani maisha yake yote ya kazi ameambiwa sampuli ni barafu. Sasa mfuko una rangi yake na kisanduku kina rangi yake, na karani wa maabara hapokei chupa iliyo baridi bila kuiandika.

Usaha au majimaji ya kiungo yakivutwa, sehemu yake inatiwa moja kwa moja ndani ya chupa ya kuoteshea damu hapo hapo chumba cha upasuaji. Hii ni kwa ajili ya bakteria mmoja msumbufu, Kingella kingae, anayependa mifupa na viungo vya watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka 4, na ambaye mara nyingi hukataa kuota kwenye sahani za kawaida.

Aprili

Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoidhinisha utafiti, kimetoka. Mvua za masika zimefunga baadhi ya njia za Nyando, na kliniki ya selimundu imekuwa na watu wachache. Hakuna la ziada.

Mei

Tumeanza kuandikisha watoto, na mazungumzo ya ridhaa yametufundisha mambo ambayo hayakuwa kwenye fomu. Fomu ipo kwa Kiswahili na kwa Dholuo, lakini wazazi wengi hupendelea kusikiliza kuliko kusoma, na swali lao la kwanza karibu kila mara ni moja: damu kiasi gani? Ni swali la haki. Mtoto wao ana upungufu wa damu, wamewahi kumtafutia mtu wa kumchangia, kisha anakuja mtu wa utafiti kuomba nyingine. Bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake alimwambia muuguzi wetu, "Binti yangu, juzi mlitutuma tutafute damu, leo mnaitaka tena?" Muuguzi alimwonyesha chupa na kumpimia maji ya kiasi kile kile kwenye sindano, mililita zisizozidi 3 kwa mtoto wa umri ule. Bibi aliangalia, akauliza kama majibu yataletwa kwake au yataishia kwenye kompyuta zetu, akaahidiwa kwamba yataandikwa kwenye kadi ya mtoto, kisha akakubali. Tangu siku hiyo sindano yenye maji ipo mezani wakati wote.

Jambo la pili ni dawa zilizotangulia. Watoto wengi hufika wakiwa wameshapewa amoksilini au dawa nyingine kutoka duka la dawa, na wengine wamekandwa mguu kwa siku kadhaa kabla. Siwalaumu wazazi: mtoto analia usiku, hospitali iko mbali, na duka liko kona ya barabara. Lakini kwa mradi huu, mtoto aliyemeza kiuavijasumu ambaye damu yake haikuotesha kitu hawezi kuhesabiwa kuwa hana maambukizi. Tumeunda kundi la tatu katika rejista, la wale ambao hatuwezi kuwaamua, na nimekataa pendekezo la kuwagawa kwa makisio ili takwimu zipendeze. Wahamasishaji wa afya ya jamii wameombwa kuwaeleza wazazi wa watoto wenye selimundu kwamba homa pamoja na mfupa unaouma ni safari ya hospitali moja kwa moja, bila kupitia dukani, na kwamba mtoto anayetumia penisilini yake ya kila siku asiiache.

Upo uvimbe mmoja ambao tumeuweka nje ya mradi tangu mwanzo: ule wa viganja na nyayo, mara nyingi pande zote mbili, kwa mtoto mchanga au aliye chini ya miaka 2 au 3 hivi. Huo kwa kawaida ni wa kukosa damu, na kwa watoto wengi ndio dalili ya kwanza ya selimundu. Mtoto huyo anapelekwa kupimwa himoglobini, na familia inaelezwa kuhusu haidroksiyurea, dawa inayoongeza himoglobini ya aina anayokuwa nayo mtoto akiwa tumboni. Utafiti wa nchi nne za Afrika, Kilifi ikiwemo, uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza maumivu, maambukizi, malaria, haja ya kuongezewa damu na vifo.

Juni

Mwezi huu umetuletea jambo ambalo hatukulipangia: mtoto mwenye Salmonela mfupani ambaye kipimo cha himoglobini chake ni cha kawaida kabisa. Kilirudiwa, kikawa hivyo hivyo. Kwa mtoto wa aina hii hoja yote ya bandama na chembe za mundu inaanguka, na ni lazima tuulize kama kinga yenyewe imezaliwa na pengo.

Mapengo yanayojulikana ni adimu, lakini yana mantiki iliyo wazi. Makrofaji iliyommeza Salmonela au vimelea vya jamii ya kifua kikuu humwomba msaada limfosaiti, chembe nyeupe ya aina nyingine, kwa ujumbe wa kemikali uitwao intaleukini 12. Limfosaiti hujibu kwa ujumbe mwingine, intaferoni gama. Nayo makrofaji ikipokea jibu hilo hupata nguvu ya kuua ilichokimeza. Mtoto aliyezaliwa bila kipokezi kizima cha intaferoni gama, kasoro iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1996, hushindwa na vijidudu ambavyo wengine huvimaliza bila kujua, hata vile vilivyodhoofishwa vya BCG, chanjo ya kifua kikuu, ambayo huku hutolewa mara tu mtoto anapozaliwa. Wenye aina isiyo kali ya kasoro hiyo hujitokeza hasa kwa maambukizi ya mifupa. Sasa tunamuuliza kila mzazi wa mtoto wa kundi hili kuhusu kovu la BCG: lilipona lini, tezi za kwapa zilivimba au la, na kama katika familia kuna mtoto aliyepata shida kama hiyo.

Pengo la pili ni la nutrofili zisizoweza kabisa kutengeneza oksijeni kali. Wengi wa wagonjwa hao ni wavulana, kwa sababu jeni inayohusika zaidi iko kwenye kromosomu X. Kipimo chake cha zamani, NBT, kinafaa mazingira yetu: damu mbichi inachanganywa na rangi ya manjano na kichocheo, kisha inatazamwa kwa darubini. Nutrofili nzima huigeuza rangi hiyo kuwa buluu iliyoiva. Yenye kasoro hubaki vile vile. Hakuna mashine ya mamilioni inayohitajika, ila lazima damu ifike maabarani ikiwa mbichi. Nimeweka sharti moja. Kama matokeo ya panya yana ukweli wowote kwa binadamu, mtoto aliyetoka kuugua malaria anaweza kuwa na nutrofili hafifu kwa muda tu, kwa hiyo jibu baya litarudiwa baada ya kupona kabla familia haijaambiwa neno zito kama kasoro ya kuzaliwa.

Liko na kundi la mwisho, la watoto ambao mifupa yao huvimba sehemu mbalimbali, ikatulia, ikavimba tena, na hakuna bakteria anayeota hata mara moja. Ugonjwa huo wa mifupa, uliotambuliwa mwaka 1972, ni wa kinga kuwasha moto pasipo adui, na hutibiwa kwa dawa za kutuliza uvimbe, si kwa viuavijasumu. Hutambuliwa kwa kuondoa maambukizi kwanza, na maambukizi hayaondolewi na sampuli iliyochukuliwa baada ya dawa. Kwa hiyo saa ya kwanza ina kazi kubwa kuliko ile tuliyoiandikia Januari.

Tumewasilisha maombi ya kurekebisha itifaki ili watoto wasio na selimundu wenye Salmonela mfupani, pamoja na wale wenye uvimbe unaojirudia bila kijidudu, waingizwe katika mradi na wafanyiwe NBT. Hadi kamati ijibu, damu kwa ajili ya kipimo hicho haitachukuliwa, na watoto hao wanaendelea na matibabu ya kawaida chini ya daktari wa mifupa na daktari wa watoto. Maabara imeombwa ianze kujizoeza kusoma slaidi za NBT kwa damu ya watu wazima waliojitolea miongoni mwa wafanyakazi.